Karatasi ya Maji

Chur, Jumatatu, 6 Januari

Mwanangu Ladina,

“Hakuna binti aliyewahi kupanda kirukio chetu bila ridhaa yake mwenyewe.” Ndivyo alivyosema kocha mkuu wa kituo chenu cha kuruka kwa skii, Reto Inderbitzin, katika gazeti la Jumamosi, chini ya picha yake akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyetoka kushinda kesi. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, mpaka maziwa yakafoka na kuzima jiko.

Ridhaa! Ng'ombe naye hupanda lori la machinjioni kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna anayembeba.

Ngoja nimkumbushe bwana huyo, kupitia kwako, jinsi ridhaa hiyo ilivyotengenezwa. Ulipokuwa na miaka sita ulipelekwa jimnastiki kwa sababu ulikuwa ukitembea kwa mikono sebuleni na kumwaga chai ya bibi yako. Ulipofika miaka kumi walianza kukupima uzito kila asubuhi mbele ya wenzako, na namba ikasomwa kwa sauti. Ulipokuwa na kumi na minne ulifundishwa kwamba maumivu yako yapo pale tu kocha anaposema yapo. Miaka kumi na sita ukashika nafasi ya saba kwenye boriti, ile mbao nyembamba ya kusawazishia mwili, katika mashindano ya Ulaya, ukiwa na ufa mgongoni ambao picha za hospitali ziliuona miezi minne baadaye. Na ulipotimiza kumi na minane wakakwambia umekuwa mrefu mno, asante sana, kabati lako la nguo liwe tupu ifikapo Ijumaa.

Wiki mbili hazijaisha, nani akabisha hodi kwa kaka yangu, baba yako? Inderbitzin, ameshika keki ya karoti. Hakuja kutafuta mtu anayejua skii. Wewe, mtoto wa Chur, uliyezungukwa na milima pande zote, hukujua hata skii za watoto wa chekechea, kwa sababu wale wa jimnastiki walikukataza theluji miaka kumi na miwili usije ukavunja mguu wa timu yao. Inderbitzin alijua hilo vizuri. Kuteleza hadi kwenye kirukio, lile tuta linalomrusha mtu hewani, kunafundishika kwa majira mawili. Alichokuja kuchukua ni binti aliyekwisha kufundishwa kutokataa.

Sasa swali langu. Ninaandika makala kuhusu kituo chenu, na mama mmoja amenieleza habari ya karatasi ya maji. Anasema mruko mpya haupelekwi kwenye theluji mpaka urukwe bwawani wakati wa kiangazi, utue sawasawa mara hamsini, kila mara iandikwe, kisha mrukaji na kocha wake wasaini. Ni kanuni nzuri. Ningeitunga mimi mwenyewe. Nijibu bila kuzunguka: karatasi yako, ile ya mruko uliokuvunja goti miaka miwili iliyopita, ilikuwa ya kweli?

Ninaandika barua kwa sababu simu zenu hukaa kapuni tangu Jumapili hadi Ijumaa, na kwa sababu kwenye simu huwa unanikatia.

Shangazi yako,
Regula


Aubrigg, Jumatano, 8 Januari

Shangazi,

Barua yako imefika. Kocha mwenyewe ndiye aliyeniletea mezani tukiwa tunakunywa chai, kaitambua hati yako kwenye bahasha. “Shangazi mwandishi,” akasema. “Msalimie. Mwambie ile picha hata mimi siipendi.” Watu wote mezani wakacheka. Ndivyo alivyo, Shangazi. Ungemjua usingemchukia kirahisi hivyo.

Malin akauliza, “Huyo ndiye anayegombana na watu magazetini?”

“Ndiye.”

“Skii anajua?”

“Huanguka akiwa bado amesimama.”

Malin ni yule binti wa Altdorf niliyekusimulia wakati wa Krismasi, ana miaka kumi na sita, naye ametoka jimnastiki kama mimi. Mimi ndiye kocha wake mdogo, ile kazi niliyopewa goti lilipogoma. Ana mdomo huyo. Jana nilimwambia anakunja kiwiko akiwa hewani, akanijibu, “Dada, ukiwa unaruka wewe ulikuwa unaangalia viwiko au ulikuwa unafunga macho?”

Usinitumie kama rungu la kumpigia mtu, nakuomba. Unaandika kana kwamba nilitekwa. Kiangazi cha kwanza bwawani nilivaa vazi la mpira na kofia ngumu, nikashuka kwenye kirukio kilichofunikwa plastiki, nikarushwa juu kama punje ya mahindi kwenye sufuria ya moto. Nikapiga samasoti moja, kichwa chini miguu juu, nikaanguka majini na skii zangu. Nilipoibuka nilikuwa ninacheka peke yangu. Katika jumba la mazoezi kila kitu nilichofanya kilikuwa na dari juu yake. Huku hakuna dari. Hakuna anayenipima uzito. Nilikula viazi vya kukaanga na jibini usiku ule na hakuna aliyetazama sahani yangu. Unajua maana yake?

Kuhusu goti: kosa ni langu. Kwenye jimnastiki ukitua unaganda. Miguu pamoja, kifua juu, hata kidole kisisogee, kisha unainua mikono kuwasalimu waamuzi. Ukipiga hatua moja tu, umekatwa alama. Kwenye mteremko wa theluji ni kinyume: ukigusa chini lazima uiache miguu iende, uteleze na kasi yako mpaka iishe. Siku ile niliruka vizuri, nikaiona ardhi, na mwili ukajiona uko kwenye jumba la mazoezi. Niliganda. Goti halikuganda.

Hata Malin ana ugonjwa huohuo. Kila mruko wa tatu namwona anakaza magoti. Nampigia kelele, “Iache miguu iende!” Anasema, “Imeenda, dada, ni wewe tu hujaiona.” Tarehe 25 ndiyo siku ya kuchagua timu ya vijana, na ataruka mruko uleule wangu: samasoti mbili za nyuma na mzunguko mmoja.

Karatasi yangu ilikuwa ya kweli. Miruko hamsini, kuanzia tarehe mosi hadi ishirini Septemba. Andika hivyo.

Wako,
Ladina


Chur, Ijumaa, 10 Januari

Ladina,

Tarehe mosi hadi ishirini Septemba.

Mwaka ule mama yangu, yaani bibi yako, alifariki tarehe tano Septemba. Tulimzika tarehe tisa. Ulikuja usiku wa tarehe tano na uliondoka tarehe kumi na nne, kwa treni ya asubuhi. Ulikuwa jikoni kwangu ukimenya viazi vya wageni, na mtu alipokuuliza habari za michezo ulisema bwawa linaweza kusubiri. Siku tisa. Kisha ulinipigia ukiwa Aubrigg tarehe kumi na saba ukasema mvua ya mawe imefunga bwawa siku mbili.

Nimehesabu mara mbili, maana sipendi kumshitaki mtu kwa hesabu mbaya. Unabaki na siku zisizozidi tisa. Wewe mwenyewe uliwahi kunieleza kwamba mtu hupanda ngazi za kirukio mara sita au saba kwa siku, na kwamba mruko mpya ukitoka vizuri mara tatu siku hiyo unanunua aiskrimu. Mara tatu kwa siku tisa ni ishirini na saba. Tuseme ulikuwa na bahati, thelathini.

Hamsini zilitoka wapi?

Usinijibu kwamba ni zamani. Usinijibu kwamba Inderbitzin ni mtu mzuri; wabaya wanajulikana, hao hawanisumbui. Nijibu hesabu.

Regula


Aubrigg, Jumanne, 14 Januari

Shangazi,

Thelathini na moja.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Sijawahi kuitamka mbele ya mtu, na hata sasa mkono unataka kuifuta.

Lakini kabla hujachomoa kalamu yako, sikia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu utakasirika vibaya. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyemfuata. Ilikuwa tarehe ishirini Septemba, bwawa linafungwa, na bila mruko ule nisingechaguliwa, na nisipochaguliwa ningetakiwa kuondoka kwenye chumba changu kabla ya Novemba. Niliingia ofisini nikamwambia niko tayari. Akaniuliza una ngapi. Nikasema nyingi. Akanitazama, akasema, “Ladina, mwili wako unaujua wewe kuliko mimi. Ukiniambia uko tayari, mimi ni nani?” Akaweka karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake, akaenda kuchukua kahawa. Hakuona ninaandika nini. Aliporudi, aliuliza kama nataka sukari, akasaini.

Kwa hiyo gazetini hakusema uongo. Ridhaa ilikuwepo. Ndicho kinachonikera kila ninapokusoma: unampiga mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, na lile alilolitenda sina jina lake. Yeye hasukumi mtu. Anakuachia chumba.

Na tukianza kuulizana mambo ya zamani, nami nina langu. Siku ile ya keki ya karoti Baba alitaka nirudi shule. Alikuwa ameshaandika barua kwa mwalimu mkuu. Yeye mtu wa posta, barua zake huwa hazichelewi. Wewe ulikuwepo. Ulikaa kwenye kiti cha bibi na ulikula vipande viwili vya keki ile. Inderbitzin alipomaliza kueleza, wewe ukasema, “Gion, mtoto aliyekulia hewani utamfungia ofisini akagonge mihuri?” Baba akakunja barua yake akaitia mfukoni. Wiki iliyofuata uliandika kwenye safu yako jinsi binti wa Chur alivyopewa maisha ya pili. Makala hiyo iko ukutani hapa kituoni, kwenye fremu, karibu na mlango wa chumba cha skii. Inderbitzin huwaonyesha wazazi wapya.

Ladina


Chur, Alhamisi, 16 Januari

Mwanangu,

Vipande vitatu. Cha tatu nilikila jikoni wakati ukimsindikiza mgeni.

Ninakiri yote. Nilisema maneno yale, na niliyasema kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni ulevi. Nilikuwa nimechoka kuandika juu ya wasichana waliovunjwa, nikataka kuandika juu ya mmoja aliyepona. Nikakupa dawa bila kusoma kilichoandikwa kwenye chupa. Sikuomba radhi wakati goti lako lilipopasuliwa. Nilikuletea maua na kitabu. Ninaomba radhi sasa. Makala ile itoeni ukutani. Kama hawataki, nitakuja na bisibisi yangu.

Lakini usidhani kukiri kwangu kutaninyamazisha. Umenipa jina la kosa lake bila kujua. Mtu anayejua kwamba ndani ya chumba hiki binti hawezi kusema hapana, kisha akatoka nje amwachie aseme ndiyo, huyo amefanya kazi yake yote. Kahawa ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Nataka kuliandika hilo, na nataka ruhusa yako. Nitaweka jina lako au nitalificha, utakavyo. Ila kuna jambo moja limeninyima raha tangu juzi. Ulisema Malin anaruka mruko uleule tarehe 25. Ulisema wewe ndiye kocha wake mdogo. Bwawa limeganda tangu Novemba, kwa hiyo hakuna anayeweza kuongeza mruko hata mmoja.

Nani amesaini karatasi ya Malin?

Shangazi yako


Chur, Jumanne, 21 Januari

Ladina,

Siku tano. Barua yangu uliipata Ijumaa. Hilo sina shaka nalo. Nimepiga simu ofisini kwenu, binti wa mapokezi akaniambia uko mlimani na kwamba ujumbe utakufikia. Baba yako anasema labda una kazi nyingi. Baba yako huwatetea watu wote.

Swali langu lilikuwa na maneno matano. Nijibu kwa moja.

Regula


Aubrigg, Alhamisi, 23 Januari

Shangazi,

Mimi.

Tarehe kumi na tatu, siku moja kabla sijakuandikia ile barua ya thelathini na moja. Ndiyo, nilikuandikia kuhusu kalamu na kahawa nikiwa nimeishika kalamu hiyohiyo jana yake. Nilidhani nikikupa dhambi yangu ya zamani utashiba.

Malin ana ishirini na mbili. Bega lilimuuma mwezi wa Septemba, akapoteza wiki tatu. Inderbitzin alituita sote wawili. Akasema, “Nyinyi mnajuana zaidi. Zungumzeni.” Akatoka. Safari hii hata kahawa hakuitaja.

Malin akaanza mara mlango ulipofungwa. “Dada, niko tayari.”

“Ishirini na mbili, Malin.”

“Na wewe ulikuwa na ngapi?”

Sijui nani kamwambia. Pengine hakuambiwa na mtu, pengine sisi sote tunajuana tu. Nikasema hamsini. Akacheka kwa adabu, kama unavyocheka mgeni akikosea jina lako.

“Nisiporuka tarehe 25 wananirudisha Altdorf,” akasema. “Nirudi kufanya nini? Nimeacha shule, dada. Nimeacha jimnastiki. Mama amebadilisha zamu zake hospitalini miaka mitatu ili anilete huku. Najua kitu gani kingine?”

Yalikuwa maneno yangu, Shangazi, neno kwa neno, kana kwamba aliyakuta ofisini mle yamebaki kwenye kiti. Nikasaini mahali pa kocha. Nilisaini kwa sababu sikuweza kumwambia mtoto yule kwamba kuna maisha nje ya pale, nikiwa mimi mwenyewe nina miaka ishirini na minne, nalala kwenye chumba cha kituo, nakula kwenye meza ya kituo, na sina cheti cha kitu chochote duniani isipokuwa kuanguka vizuri. Nikiisema karatasi ya Malin, yangu nayo itasemwa. Nikiisema yangu, nitakwenda wapi na goti hili? Kwa Baba, nikalale kwenye kitanda kilekile chini ya medali zilezile?

Kila asubuhi nasimama ubavuni mwa kirukio kumpigia kelele akiwa hewani. Hapo ndipo kocha mdogo husimama; mrukaji hukusikia kwa sekunde mbili na nusu. Namwambia vuta, namwambia ngoja, namwambia iache miguu. Jana alitua mara nne. Mara mbili aligandisha magoti.

Sasa unajua. Fanya unachotaka.

Ladina


Chur, Jumatatu, 27 Januari

Ladina,

Barua yako ya Alhamisi imefika leo, Jumatatu, saa nne asubuhi, na stempu ya B.

Usiniambie ulikosa stempu nyingine. Wewe ni binti wa Gion Cavegn, aliyepeleka barua katika mitaa hii miaka thelathini na minne. Ulijua kusoma A na B kwenye bahasha kabla hujajua kusoma jina lako. A inafika kesho yake. B inafika ikipenda. Barua ya A iliyotiwa posta Alhamisi ingekuwa mkononi mwangu Ijumaa, na mimi ningekuwa Aubrigg Ijumaa hiyohiyo jioni, nimekaa chini katikati ya kirukio chenu na koti langu jekundu. Wewe ulichagua Jumatatu. Ulitaka kukiri na ulitaka nisiweze kufanya lolote. Ulitaka mtoto aruke kwanza.

Nilikaa na barua hiyo mapajani na sikuthubutu kufungua gazeti. Nimeandika miaka ishirini na mitano kuhusu mambo ya kutisha na sijawahi kuogopa karatasi kiasi kile. Baba yako ndiye aliyenifungulia. Alisoma kwa sauti ukurasa wa michezo: upepo mkali Aubrigg, uchaguzi wa timu ya vijana umeahirishwa hadi Jumamosi, tarehe mosi Februari.

Upepo, Ladina. Wewe hukumzuia, mimi sikumzuia, kanuni yenye saini mbili haikumzuia. Upepo ulimzuia, na haukukusudia.

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikamuuliza Gion kama alijua. Akasema, “Nilijua ana siri. Sikutaka kuiuliza isije ikatoka.” Basi ukoo wetu ndio huo: mmoja anapiga kelele, mmoja ananyamaza, na mtoto kati yao amejifunza kuandika barua ambazo hazifiki.

Kitanda kipo. Medali Gion amezishusha leo mchana, ameziweka kwenye sanduku la viatu. Shule ya watu wazima hapa Chur inaanza Agosti, na hakuna anayeulizwa urefu wake. Sisemi kwamba ni maisha mazuri kama kuruka. Nilishawahi kukupambia maisha, sirudii. Ninasema ni mlango, nao uko wazi.

Sitaandika bila wewe. Nikiandika peke yangu Inderbitzin atakunja tena mikono na kusema ni kelele za mwanamke wa magazeti, na kwa nusu atakuwa sahihi, kwa sababu sijawahi kusimama ubavuni mwa kirukio chochote. Saini ni yako. Nenda kaiondoe. Una siku nne ambazo hukuzistahili. Hata mimi sikuzistahili.

Shangazi yako,
Regula


Aubrigg, Jumatano, 29 Januari

Kwa wazazi wa mabinti wanne wa kikosi cha vijana, na hasa kwa Bibi na Bwana Zgraggen wa Altdorf, wazazi wa Malin. Nakala kwa shangazi yangu, Regula Cavegn, ambaye sasa ana ruhusa yangu ya kuandika kila kitu, na jina langu aliweke.

Waheshimiwa,

Mimi ni Ladina Cavegn. Mnanijua, nimekunywa chai nanyi hapa kituoni, na nimewaambia mara nyingi kwamba mabinti zenu wako katika mikono mizuri. Mikono hiyo ilikuwa yangu, kwa hiyo nisikilizeni.

Miaka miwili iliyopita niliandika miruko hamsini kwenye karatasi yangu ya maji wakati nilikuwa na thelathini na moja. Goti langu mmeliona. Tarehe 13 mwezi huu nilisaini kwamba Malin ana hamsini. Ana ishirini na mbili. Alinisihi nisaini, na nilisaini, na yeye ana miaka kumi na sita na mimi nina ishirini na minne. Kosa hilo msimpe yeye.

Jana asubuhi nilikwenda kwa kocha mkuu, Malin akiwepo, nikasema ninaiondoa saini yangu na nikataja namba. Nilitarajia atafoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa. Sisi tunajua kufokewa.

Akasema, “Asante kwa kuwa mkweli, Ladina. Umechoka. Tangu lini hujapumzika?” Kisha akamgeukia binti yenu. “Na wewe, Malin? Unajionaje?”

“Niko tayari, Kocha.”

“Basi hesabu ni yako. Siwezi kuuamulia mwili wako.” Akatoa karatasi mpya, akasogea dirishani akatazama theluji. Malin akaandika hamsini. Kocha akarudi akasaini mahali nilipokuwa nimesaini mimi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Saa nane mchana nikaazima simu ya mapokezi, nikaipigia ofisi inayosimamia uchaguzi. Walinisikiliza vizuri. Walisema wana mbele yao karatasi yenye saini mbili, na kwamba kwa kanuni hiyo iko sawa.

Nimeambiwa niondoke chumbani kwangu ifikapo Ijumaa. Malin alinipita kwenye korido na skii begani. Akasema, “Umejifunza kuhesabu baada ya kuvunjika wewe.” Ni kweli.

Mabinti wengine watatu karatasi zao sizijui. Si mimi niliyezishughulikia. Zijueni nyinyi. Waulizeni nyumbani, kocha akiwa mbali, wametoka bwawani na miruko mingapi. Binti akijibu hamsini haraka, nyamazeni kidogo, kisha muulizeni tena. Tumefundishwa kujibu swali la kwanza. La pili hakuna aliyewahi kutuuliza.

Bibi Zgraggen, Bwana Zgraggen. Kituo hakitamzuia. Ofisi haitamzuia. Mimi nimejaribu, nimechelewa, sina tena pa kusimama. Yeye hawezi kujizuia, na hilo mnalijua kuliko mtu yeyote, maana ndilo mlilokuwa mkilisifu tangu akiwa na miaka sita, kama walivyonisifu kwetu. Mwezi wa Oktoba mlisaini ridhaa ya mzazi kwa msimu mzima. Bila ridhaa hiyo mtoto wa miaka kumi na sita hapandi kirukio, hata awe na karatasi ishirini. Inaondolewa kwa mstari mmoja wenye majina yenu mawili.

Atalia. Atasema namwonea wivu, na huenda kidogo ni kweli. Atawaambia mmemharibia maisha, na kwa muda mrefu hatawasemesha. Kocha atawapigia simu kwa sauti ya upole sana, atawauliza kama mna uhakika, atawaambia uamuzi ni wenu, kisha atanyamaza awaachie ukimya huo muujaze.

Msiujaze. Andikeni mstari huo leo, mje nao wenyewe kesho asubuhi, mmkabidhi kocha mkononi mbele ya binti yenu, na msitoke ndani ya ofisi ile mpaka Malin amekwenda kufungasha mizigo yake.

Ladina Cavegn